Kuhamasishwa na Kuhamishwa: Mjadala wa Nyuklia Ukisomwa Kutoka Ifo

Mwenye jenereta yetu huzima saa nne usiku. Hatoi ilani. Balbu inapepesa mara mbili, ngurumo ya injini ambayo masikio yalikuwa yameshaizoea inakatika, halafu unaanza kusikia punda na watoto wa jirani. Mimi hulipia balbu moja na soketi moja kila mwezi. Waya wangu unapita juu ya paa la duka la nguo, unavuka ua wa miiba wa majirani wawili, unaingia kwetu kupitia dirishani. Dizeli ikipanda bei, saa nne inakuwa saa tatu unusu. Hiyo ndiyo sera ya kawi ninayoifahamu vizuri.

Kwa hivyo nikisoma kuhusu nyuklia, nasoma kabla ya saa nne. Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya maandishi ya mjadala huu kwenye simu: ripoti, hotuba, makala za magazeti, picha za mabango ya waandamanaji, video fupi za watu wenye hasira. Sitaki kuamua hapa kama Kenya ijenge kinu au isijenge. Nitafika huko, kidogo. Kwanza nataka kuyasoma maandishi haya vile mhakiki husoma hadithi, nikiuliza ni nani anayetenda na ni nani anayetendwa.

Kwa asiyefuatilia, mambo yenyewe ni haya. Mwaka 2012 serikali iliunda bodi ya umeme wa nyuklia, na Sheria ya Kawi ya 2019 ikaigeuza kuwa wakala unaojulikana kama NuPEA. Mpango uliozungumziwa sana ni wa kinu cha megawati 1,000, kwa takriban shilingi bilioni 500. Mahali palipotajwa kwanza ni Uyombo, kaunti ya Kilifi, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na msitu wa Arabuko Sokoke na mikoko ya Mida. Watu wa Uyombo wakakataa. Mei 2024 waliandamana, wakakabiliana na polisi, wengine wakaumia. Mwaka 2025 macho yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ambako wanasiasa wengine wamesema wanakitaka.

Kenya si nchi ndogo kwa ramani, lakini kwa stima ni ndogo. Mwaka 2025 matumizi yetu, saa ile ya jioni kila mtu akiwa amewasha taa, yalikuwa yamevuka megawati 2,300 tu. Wahandisi wana kanuni yao ya kukadiria: mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya gridi nzima, maana ukizimika ghafla utaivuta gridi yote chini. Kinu cha megawati 1,000 kwenye gridi kama yetu ni ngamia juu ya mkokoteni wa punda. Ndiyo maana siku hizi unasikia habari za vinu vidogo. Hoja ya wanaotaka nayo si ya kupuuzwa. Mabwawa ya maji hupungua ukame ukija, jua hulala, na nchi inayotaka viwanda inahitaji stima ambayo haipepesi. Agosti 2023 nchi karibu nzima ililala gizani. Wengine wenu mnaukumbuka usiku huo kama maajabu. Ifo tulilala saa nne kama kawaida.

Sasa turudi kwenye maneno.

Chukua hotuba yoyote ya upande wa serikali kuhusu kinu. Pigia mstari kila kitenzi ambacho mwananchi ndiye mhusika wake. Mimi nimefanya hivyo kwa kurasa nyingi, na orodha yangu inajirudia: ataelimishwa, atashirikishwa, atahamasishwa, atafidiwa, atahamishwa. Kiswahili ni lugha yenye ukweli wa ajabu katika minyambuliko yake. Kushiriki ni tendo langu mwenyewe. Kushirikisha ni mtu mwingine kunifanya nishiriki. Kushirikishwa ni mimi kufanyiwa jambo hilo, na kwa kawaida aliyenifanyia hatajwi. Katiba ya 2010 inataka wananchi washiriki. Tulipofika kwenye mabango tukawa tunashirikishwa.

Halafu kuna maneno mawili ambayo sikuyaona hadi nilipoyaandika moja chini ya lingine kwa kalamu. Kuhamasishwa. Kuhamishwa. Toa herufi mbili katikati ya neno la kwanza, a na s, utapata la pili. Najua ni bahati tu ya sauti, moja linatoka kwa hamasa na lingine kwa hama. Lakini mtu wa Uyombo aliyeitwa kwenye mkutano wa kwanza, akapewa soda na fulana, alisikia la pili ndani ya la kwanza bila msaada wa mhakiki yeyote.

Sisi wa Ifo tunaijua kauli ya kutendwa kuliko darasa lolote la sarufi. Jina letu lenyewe linatoka kwa kitenzi cha kutenda: mkimbizi ni mtu aliyekimbia, kwa miguu yake. Hicho kilikuwa kitenzi chetu cha mwisho cha namna hiyo. Tangu kambi ifunguliwe mwaka 1991, ikipangwa kwa watu 30,000, tumesajiliwa, tumehesabiwa, tumepimwa, tumegawiwa. Mwezi Mei 2016 tukaambiwa tutarudishwa na kambi zote za Dadaab zitafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, hawawezi kufungiwa hivyo. Hata habari njema ilitufikia katika kauli ya kutendwa.

Kuna aina ya kijitabu ambacho bila shaka umekiona, kiwe cha chanjo, cha benki au cha kinu. Kina safu mbili. Kushoto kuna dhana potofu, kulia kuna ukweli. Kushoto ni sauti ya mwanakijiji, kulia ni sauti ya mtaalamu, na mwanakijiji hajibiwi kwa jina lake wala hapati nafasi ya kuuliza swali la pili. Mwandishi wa kijitabu kama hicho ameshaamua jambo moja kabla hajaandika neno: kwamba hofu ni ukosefu wa habari. Ukimwaga habari, hofu itajaa mpaka juu igeuke kuwa ridhaa.

Lakini hofu ya Pwani ina habari nyingi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga madini ya risasi katika mtaa wa watu hadi damu za watoto zikapatikana na sumu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Aliyeongoza vita hivyo tangu mwanzo ni Phyllis Omido, na shirika lake ndilo lililosimama pia na watu wa Uyombo. Kwa hivyo mtu wa Kilifi akisema haamini kwamba serikali itasimamia mionzi, hajaathiriwa na sinema. Amesoma kesi. Ameona kwamba kiwanda kimoja cha betri, kitu cha kuonekana kwa macho na kunukika kwa pua, kiliishinda mifumo ya ukaguzi kwa miaka, kisha haki ikachukua miaka mingine. Mionzi haionekani wala hainuki. Weka hiyo kwenye safu ya kushoto kama unaweza.

Na hofu ya huku kwetu nayo ina habari zake. Wazee wa Wajir na Marsabit wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu vitu vilivyofukiwa na makampuni yaliyokuja kutafuta mafuta miaka ya 1980, na malalamiko hayo yamefika hadi bungeni. Upande wa pili wa mpaka, Machi 20, 1994, mwanahabari Mwitaliano Ilaria Alpi na mpigapicha wake Miran Hrovatin waliuawa Mogadishu. Alikuwa akifuatilia habari za silaha na taka za sumu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliandika kuhusu ripoti za taka za hatari kwenye ufuo wa Somalia, zikitajwa zikiwemo za mionzi, na likataka uchunguzi kamili ufanywe. Wewe ukisikia neno nyuklia huenda unafikiria Chernobyl. Kambini neno hilo halikuhitaji kwenda mbali hivyo.

Ningeishia hapa, upande wa pinzani ungenipigia makofi. Lakini nao nimewasoma, na sikufurahia.

Mabango yao yamejaa mafuvu. Video zao zina watoto wenye vilema, picha ambazo hazielezwi zilipigwa wapi wala lini, na muziki wa kutisha chini yake. Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011 zinatajwa kama mizimu, si kama matukio yenye sababu. Ni nadra kuambiwa kwamba kinu cha Koeberg karibu na Cape Town kimekuwa kikitoa stima tangu 1984, au kwamba kule Misri cha El Dabaa kinajengwa. Msomaji anayeogopeshwa hivi anatendwa vilevile. Mmoja anamhamasisha, mwingine anamtisha, na wote wawili wanamtaka atulie kwenye kiti.

Halafu kuna wale wanaosema: tuna jua, tuna upepo, tuna mvuke wa Olkaria, nyuklia ya nini? Sentensi nzuri. Ninaipenda sana hadi nikumbuke mahali nilipo. Kilomita mia moja hivi kutoka hapa, nje ya mji wa Garissa, kuna mtambo wa sola wa megawati 50 na ushei, una paneli zaidi ya 200,000, na ulizinduliwa Desemba 2019. Jua lake ni letu, lile lile linalotuchoma kwenye foleni. Stima yake inaingia kwenye gridi ya taifa na kuelekea zake, na gridi hiyo haijafika kwenye bloku yetu. Sisi tunabaki na dizeli na paneli ndogo za kuchaji simu. Kwa hivyo mtu akiniambia jua ni haki na nyuklia ni dhuluma, namuuliza waya unaishia wapi. Megawati si mwanga. Mwanga ni megawati iliyofika.

Lazima niseme pia kwamba mimi si mtu wa katikati katika jambo hili, kwa sababu atomu niliipenda. Nilipata nafasi ya kusoma fizikia katika chuo ambacho sitakitaja. Nilikaa mwaka mmoja na nusu. Muhula wa nne karo ilikwama, na ruhusa ya kutoka kambini ilichelewa katika ofisi fulani mpaka mitihani ikapita. Nikarudi, nikaanza kuandika vipande vya kulipwa kwa neno. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeshaona kwa kalamu yangu mwenyewe jinsi kitu kidogo hivyo kinavyokaa na nguvu kubwa hivyo, na usiku ule nilitembea nje ya bweni nikitabasamu peke yangu. Hooyo aliponiuliza kwenye simu nimejifunza nini, nilimwambia kwamba ndani ya kila jiwe la uani kwetu kuna moto uliolala. Akaniambia, "Basi usiuamshe mwanangu, tuna matatizo ya kutosha." Ninasema haya ili ujue kwamba sisomi maandishi haya nikitafuta sababu ya kukataa.

Kando ya soko kuna mzee mmoja anayeuza chai. Mimi humwita adeer, na yeye huniita adeer, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo neno la heshima lile lile. Ni mtu wa Baraawe, mvuvi wa zamani, na Kiswahili chake ni Chimwini cha mama yake, kile Kiswahili cha kaskazini kabisa ambacho ukikisikia mara ya kwanza unadhani mtu anaimba. Vita vilipoanza alikimbilia Mombasa, akawekwa katika kambi ya Utange. Kambi za Pwani zilipofungwa miaka ya 1990, akaletwa huku jangwani, mvuvi kamili na nyavu zake za moyoni.

Nilimweleza habari za Uyombo. Alitaka kujua kwanza kama samaki wapo. Nikamwambia wapo. Akauliza uchafu wa kinu unawekwa wapi. Nikaanza kumweleza kama mwanafunzi mzuri: kwamba fueli iliyotumika hutolewa ikiwa bado moto, ikawekwa ndani ya dimbwi la maji kwa miaka, kisha katika makasha mazito ya chuma na zege palepale karibu na kinu. Kwamba sehemu ya mionzi yake hudumu maelfu ya miaka. Kwamba nchi nyingi zenye vinu, hata tajiri, bado hazijafungua mahali pa kuizika moja kwa moja, kwa hivyo imewekwa katika hifadhi ya muda.

"Ya muda," akasema.

"Ndiyo, adeer. Ya muda."

Alicheka mpaka akaweka birika chini. Halafu akaninyoshea kidole nyumba yake, udongo na mabati, kwa sababu miaka yote hii hapa haturuhusiwi kujenga kwa mawe. "Na mimi ni wa muda, adeer," akasema. "Nimekuwa wa muda kabla hujazaliwa."

Sijasoma katika ripoti yoyote uhakiki mkali kuliko huo. Neno "muda" likiandikwa na mtu mwenye mamlaka lina maana ya "mpaka mtu mwingine aamue," na yule mwingine huwa bado hajazaliwa au hajachaguliwa. Ripoti za kinu zina sura ndefu kuhusu ujenzi, ajira na barabara, mambo ya miaka kumi. Sura ya taka hujaa vitenzi visivyo na mwenyewe: zitahifadhiwa, zitasimamiwa, zitashughulikiwa. Mwandishi wa hadithi akinipa mhusika asiye na jina kwa miaka elfu kadhaa ya njama, nitamrudishia mswada wake.

Je, inawezekana kuuandika mjadala huu kwa namna nyingine? Imewahi kufanyika, na katika nchi ndogo. Austria ilijenga kinu huko Zwentendorf, ikakimaliza kabisa. Novemba 5, 1978 wananchi wakapiga kura. Waliokataa walikuwa asilimia 50.47. Kinu kile hakikuwashwa hata siku moja. Unaweza kusema ni upotevu mkubwa wa pesa, na ni kweli: wangeulizwa kabla ya zege, si baada. Lakini soma kitenzi: walikataa.

Finland nayo ina watu chini ya milioni sita, na imechimba handaki kwenye mwamba, Onkalo, la kuzika fueli iliyotumika. Kwa sheria yao, halmashauri ya eneo lililochaguliwa ilikuwa na uwezo wa kusema hapana, na hapana hiyo ingesimama. Mwaka 2000 baraza la Eurajoki lilipiga kura, likakubali. Mimi sijui kama ningekubali. Najua tu kwamba neno "ndiyo" halina uzito wowote mdomoni mwa mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kusema "hapana." Ndiyo ya Eurajoki ina uzito kwa sababu hiyo.

Linganisha na Uyombo, halafu Siaya. Kijiji kimoja kilipokataa, mradi ulianza kutafuta kijiji kingine. Katika maandishi, kukataa kwa Uyombo hakukuandikwa kama jibu. Kuliandikwa kama kizuizi, kama mwamba ambao mchimbaji ameukuta akahamisha mashine yake. Na sasa watu wa Siaya wanapewa ahadi za ajira na barabara kana kwamba lile swali la Uyombo lilikuwa la Uyombo peke yake. Huenda Siaya watakubali, na huenda watakuwa na sababu nzuri. Ninachowaombea ni kwamba waulizwe swali ambalo hapana yake inahesabika, na waulizwe kabla ya zege.

Mimi katika haya yote sina kura. Nimezaliwa hapa, nimesoma mtaala wa hapa, nimefeli na kufaulu kwa Kiswahili cha hapa, na mwezi Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika unaosema kambi zitageuzwa kuwa makazi ya kawaida na sisi tutajumuishwa. Tutajumuishwa. Nimelipigia mstari hilo pia, bila chuki. Ninaisubiri siku ambayo sentensi itaandikwa upya na mimi nikiwa mwanzoni mwake.

Mpaka hapo ninachoweza kukupa ni zoezi la mtu aliyeacha chuo. Mara nyingine ukikutana na maandishi kuhusu kinu, yawe ya kusifu au ya kutisha, chukua kalamu. Tafuta watu wa mahali pale. Angalia wamepewa vitenzi gani. Kisha nenda sura ya taka, utafute jina la atakayebaki nazo.

Jana nilimsomea adeer sehemu ya makala haya. Alisikiliza hadi mwisho, akasema Austria haijui iko wapi, lakini watu wake wana adabu ya kusema neno likaisha. Kisha akauliza kama nimeandika kuhusu samaki. Nikasema niliandika. Nilikuwa bado narekebisha aya hii balbu ilipopepesa mara mbili. Saa tatu unusu. Dizeli imepanda tena.